Jani la Gimbi Lilivyoinamisha Uso

Acha kujikuna, wewe! Gimbi halimenywi kwa machozi. Pakeni majivu mikononi, sogeeni jikoni, na anayetaka kujua kwa nini linawasha hata koo afunge mdomo afungue masikio, maana habari hii nikishaimaliza siirudii.

Hapo kale, milima hii ya Ilolo ilipokuwa na baridi kuliko sasa, jani la gimbi halikuwa hivi mnavyoliona. Lilisimama wima juu ya bua lake, pana kama ungo, uso limeuelekeza mbinguni, linaringa. Tena lilikaa bondeni tu, kwenye joto la ziwa. Huku juu hatukulijua. Sisi tulikuwa watu wa ulezi na maboga.

Aliyelipandisha mlima ni Tusekile, binti wa bondeni aliyeolewa na Ambokile, mwana wa mzee Kasyupa. Siku anaondoka kwao, mama yake alimfungia miche ya magimbi kwenye nguo, akamwambia, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa joto. Mvua zikianza, mpande penye unyevu, naye atakunenepea. Lakini kabla sakitu haijaanguka, mkate majani yote, mng'oe, umlaze ndani juu ya jiko kwenye majivu makavu. Usimwonee huruma kwa uzuri wa majani yake. Ukichelewa, umemzika."

Sakitu mnaijua, ile baridi inayomwaga unga mweupe juu ya nyasi alfajiri. Bondeni hawana. Mama yule aliisikia kwa wasafiri tu, lakini alijua inaua.

Tusekile alipofika huku juu, mawifi walimcheka. Sekela, dada wa Ambokile, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Umetuletea majani ya kufunikia chungu, wifi?" Tusekile akapanda miche yake nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita. Mvua zikanyesha. Loo! Majani yakatoka, yakapanda, yakawa ya kumficha mtu mzima. Wale wale waliocheka wakaanza kupita njia ya nyuma, eti wanatafuta kuku. Tusekile akawaona, na moyoni akafurahi sana.

Sasa lazima mwelewe heshima ya siku zile. Mke wa mtoto hakuonana na baba mkwe uso kwa uso. Hawakupeana mkono, hawakula pamoja, hawakusemezana. Mzee Kasyupa alikuwa muungwana, alijua kumwepusha binti wa watu na fedheha. Kila alipofika kwenye kona ya zizi alikohoa, "Kho! Kho!" Tusekile akisikia, anakimbilia nyuma ya jani la gimbi, mzee anapita, kila mtu na heshima yake. Na mzee akiwa na neno kwa mkwewe, alimwambia mbuzi. Ndiyo, mbuzi aliyefungwa uani. "Mbuzi, paa la jiko linavuja upande wa kule." Tusekile akisikia, paa linazibwa.

Mwaka huo ndege walishuka mashambani, wakala ulezi wote. Wanawake walikutana kisimani, kila mmoja analia na lake. Tusekile akatua mtungi wake akasema, "Nyumba ya Kasyupa haitalala njaa. Nitailisha mimi kwa magimbi yangu, baridi yote. Na nyinyi mkizidiwa, njooni na vikapu." Wanawake wakapiga vigelegele. Toka siku hiyo nyumba nzima ikaacha kuhangaika kutafuta chakula kingine, maana mkaza mwana kishasema. Na yeye akawa anatembea kama majani yake, kidevu juu.

Baridi ikaanza kuuma. Majira yale yale wakaja wajumbe kusema kwamba watu wa mchumba wa Sekela watafika kuposa. Sekela akamshika wifi yake mkono. "Nakuomba, usiyakate kwanza. Waje wayaone. Nyumba gani nyingine ina mapambo kama haya?" Wala hakuwa na haja ya kuomba. Tusekile mwenyewe alikuwa anatamani yaonekane. Kuyakata kabla ya wageni, na watu wote wale wanakuja! Akasema moyoni, siku chache tu, zitadhuru nini?

Mzee Kasyupa akaja uani, akakohoa, akamwambia mbuzi, "Mbuzi, jana usiku nyota zilikuwa kali. Sakitu iko karibu. Mwenye mali yake nje aiingize ndani leo."

Tusekile alisikia kila neno. Mzee alipoondoka, akamgeukia Sekela akasema, "Si kaambiwa mbuzi? Basi mbuzi na aingize." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe mzee hakuwa amefika mbali. Alikuwa nyuma ya ua anafunga kamba ya kiatu, na maneno yale yakamfikia yote. Alikaza kamba yake akaenda.

Alfajiri ya siku ya wageni, Tusekile aliamka kwa baridi iliyompenya mifupani. Akakumbuka magimbi. Akatoka mbio kwenda nyuma ya jiko, na akafika bila kusikia kikohozi cha mtu yeyote.

Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Majani yake yalikuwa meusi, yamelegea, yanavuja maji kama mboga iliyochemshwa. Na katikati ya majani yale alichuchumaa mzee Kasyupa, mwili mtupu kama alivyozaliwa, anatetemeka. Mgolole wake, nguo pekee aliyokuwa nayo, alikuwa ameutandaza juu ya shina moja la gimbi, ameubana kwa mawe pembeni. Alikuwa amekaa pale tangu jogoo la kwanza, anaulinda usipeperuke.

Aliposikia hatua za mkwewe alijaribu kukohoa. Alijaribu, jamani, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini baridi ilikuwa imemkausha koo, ikatoka pumzi tu. Basi Tusekile akamwona. Akamwona mgongo, akamwona mbavu, akamwona uso. Macho yakakutana.

Alishika jani lililo karibu ajifiche kama siku zote. Jani likamlalia mikononi, likakunjika, uso chini. Akashika la pili, nalo likaanguka. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kumsitiri. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ilikuwa imeganda. Mwishowe mzee ndiye aliyemwonea huruma. Aliinamisha kichwa, akampa kisogo, akaondoka taratibu vile vile alivyo, na mgolole akauacha pale pale juu ya shina.

Waposaji wa Sekela walikuja, wakaona majani yameoza, wakauliza harufu ile ni ya nini. Kabla ya mwezi kuisha uozo ulishuka mpaka kwenye viazi vyenyewe ardhini, na magimbi yote yakafa, isipokuwa lile shina moja. Tusekile akaling'oa kwa mikono yake, akalifunga kwenye mgolole wa mzee, akalilaza juu ya jiko kwenye majivu, kama alivyoagizwa tangu mwanzo.

Na chakula? Hakikuwapo. Ilibidi Tusekile achukue kikapu, yeye aliyewaambia wenzake waje na vikapu, apite mlango kwa mlango kuomba maboga. Walimpa. Waliompa kwa maneno hawakumuumiza kama waliompa kwa ukimya.

Mzee hakufa, lakini sauti haikurudi. Hakuweza tena kukohoa konani, kwa hiyo Tusekile hakujua anapita saa ngapi. Basi akaanza kutembea ameinamisha uso, anatazama vidole vyake vya miguu, kisimani, shambani, popote. Mzee hakumshtaki kwa mtu. Mara moja tu alisimama mbele ya mbuzi, akanong'ona kwa taabu, "Mbuzi, siku ile sikuona mtu. Baridi ilinitia machozi." Tusekile alisikia akiwa jikoni. Alilia kuliko siku zote, kwa sababu ingekuwa nafuu kwake kama mzee angemtukana.

Mvua ziliporudi alilipanda lile shina. Likachipua, likatoa majani mapana vile vile, ila sasa kila jani lilipofunguka liliinamia ardhi. Alipoyachimba magimbi yake akapika chungu cha kwanza. Wasiwasi ulimzidi, akaepua kabla hayajaiva, akampelekea mama mkwe, naye akayaingiza nyumbani kwa mzee. Tusekile akasubiri uani.

Kisha ndani ya nyumba ikasikika, "Kho! Kho!"

Ilikuwa sauti yenyewe ya mzee. Tusekile aliruka akakimbilia nyuma ya gimbi, na jani lile lililoinama likamfunika kutoka utosini hadi kiunoni, vizuri kuliko lilipokuwa limesimama wima. Akajisitiri humo, huku mzee ndani anakohoa na watu wote waliokula wanakohoa pamoja naye.

Na tangu siku hiyo jani la gimbi huinamisha uso. Na huku kwetu gimbi haliachwi nje baridi ikikaribia, hung'olewa na mke wa mtoto, na mbegu yake hufungwa katika nguo kuukuu ya baba mkwe. Lisipoiva vizuri hukwaruza koo. Tukikohoa tunapokula, hatumlaumu mpishi. Tunasema, "Baba anapita," na mkaza mwana wa nyumba, hata kama hajakosa lolote, huinamisha uso mpaka kikohozi kiishe.