Kwa Nini Hakiki za Kibandani Huishia Mlangoni

Mnanilalamikia kwamba hakiki za hapa kibandani zimekatwa mkia. Haya, wekeni chini hizo pedi za gemu, niwaambie zilikokatikia.

Hapo kale, nami nasema kale ingawa kibanda hiki cha gemu nilikuwa nimeshakifungua hapahapa Tukuyu, watu walikuwa wakisema yote. Vijana walijitengenezea ramani zao ndani ya gemu, na mtu akishacheza ramani ya mwenzake aliandika hakiki yake kwenye kundi la simu: mtego uko wapi, adui anatokea wapi, mwisho kuna nini. Aliyesema mengi ndiye aliyesifiwa, na kwa kusema hakuna aliyemfikia Lusajo.

Wakati huo Atuganile alikuwa akimtengenezea ramani kaka yake, Ambakisye. Nyuma ya mlango wa mwisho alijenga genge la marehemu mama yao, lile lililobomolewa barabara ilipopanuliwa: mikungu ya ndizi, mwavuli wa bluu, kigoda. Juu ya kigoda aliandika maneno ambayo mama yao alizoea kumpokea nayo mwanawe: “Amba, umekula?” Ambakisye hakulia msibani, wala baada ya hapo. Dada yake alitaka amkute mama humo, ghafla, labda kifua kingefunguka.

Alimpa Lusajo aijaribu kwanza, aone kama njia inapitika. Lusajo alimaliza machozi yakimlengalenga, na kwa jinsi alivyoipenda akaiandikia hakiki ndefu kuliko zote. Akaandika genge, mwavuli, kigoda, hata yale maneno. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Kundi zima likampongeza.

Kesho yake Ambakisye alikuja, akacheza vizuri, sisi tumesimama nyuma yake. Alipofika kwenye mlango wa mwisho aliweka pedi chini.

“Humo nilishaingia jana,” alisema. “Kwenye simu.”

Atuganile hakugombana na mtu. Alijifunga kanga yake akatoka, mvua inanyesha. Lusajo aliifuta hakiki palepale, lakini kilichosomwa kilikuwa kimeshasomwa. Aibu ilimvaa hata akakosa pa kuweka mikono. Alipomwomba Ambakisye radhi, alijibiwa kwa upole, “Uliandika vizuri, ndugu yangu.” Afadhali angetukanwa. Nasi tuliompongeza tulitazama sakafu, hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake.

Na tangu siku hiyo, hakiki za hapa husema kama njia ni ngumu, kama mitego ni ya haki, kama ramani inafaa kupewa jioni yako. Zikifika mlangoni hunyamaza. Lusajo bado anaandika, na zake ndizo fupi kuliko zote. Ramani zenu msiniambie zinaishaje. Ile ya Atuganile ndiyo pekee ninayoweza kuwasimulia mpaka ndani, kwa kuwa ilishasemwa, na yule aliyejengewa hajaufungua ule mlango mpaka leo.