Kwa Nini Uso wa Shaba Hauna Taya

Siku ya saba ya mwezi wa kumi, saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mji wa Heishu katika nchi ya China, fundi Shuhua alilaza uzi wa mwisho wa fedha katika chungu cha shaba nyeusi chenye miguu mitatu. Enzi hizo fundi aliyenakili chombo cha kale aliruhusiwa kukamilisha alichokiona kimepungua.

Chombo alichokinakili kilikuwa na uso wa mnyama: pembe, macho, pua, na chini ya pua hapakuwa na kitu. Shuhua alidhani taya limelika kwa miaka. Akasubu taya jipya kwa shaba iliyoyeyushwa, akalitia meno ya fedha, akaridhika.

Desturi ilimtaka fundi akijaribu chombo kwa siku tatu, akitumia kijiko cha mti, kabla hakijakabidhiwa mizimu ya ukoo. Siku ya kwanza aliweka mtama uliopikwa; jioni chungu kilikuwa kikavu kama kilicholambwa. Siku ya pili aliweka bata mzima, haukubaki hata mfupa. Siku ya tatu paka wa jirani alijilaza kando yake kuota jua, ukasalia mkia. Ndipo Shuhua alipoyatazama yale meno, akayakuta yamelowa.

Siku ya nne mkubwa wa nyumba hulisha mizimu kwa mikono mitupu. Mkubwa huyo alikuwa baba yake, Mzee Kuang, ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Shuhua alimweleza yaliyotokea, akamsihi aahirishe. Mzee akacheka.

"Mwanangu, nimewalisha wazee wetu miaka sitini. Leo ndio watanitafuna mimi, nilivyokauka hivi?"

"Si wao, baba. Ni huyu niliyempa meno mimi."

Mzee alikwisha kunja mkono wa joho na kuchota mtama. Shuhua akamtangulia. Patasi ilikuwa mbali. Akapenyeza vidole baina ya meno, akalishika taya kwa ndani, akavuta kwa nguvu zake zote. Taya lilifumba kwanza, kisha likang'oka.

Baba yake aliuliza ni nini kilichoanguka. Shuhua, bintiye, akaufunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa. Mzee akaweka mtama, na hadi jioni mtama ulikuwapo.

Na tangu siku hiyo, mafundi wanaotarizi shaba kwa dhahabu na fedha, kwa mtindo wa kale, huacha pengo chini ya pua ya mnyama. Hulipima kama Shuhua alivyowafundisha, kwa kulaza juu yake mkono wake wa kulia: upana wa vidole vitatu vilivyosalia.