Jogoo wa Mungu na Kamba ya Kengele

Hapo zamani, na miaka yake msiihesabu, juu kabisa kwenye milima ya Upare palikuwa na kanisa la mawe. Kanisa lilikuwa na kengele, na kengele ilikuwa na kamba.

Msicheke hadithi ikianza na kamba. Kamba ile ilikuwa na tabia yake. Ukiivuta inashuka nawe, ukiilegeza inapanda nawe, na kama wewe ni mtoto mwepesi, miguu inaiaga sakafu na tumbo linabaki chini. Watoto walijua hayo kwa kusimuliwa tu. Aliyeruhusiwa kuishika ni Mzee Mkwizu peke yake, mzee wa kanisa, naye hakuwa mwepesi.

Shule ya Jumapili ilifundishwa na kijana aitwaye Sefania. Kabla yake watoto walikuwa wakikaa kimya na kukariri. Sefania alipoanza aliwaambia, "Ulizeni chochote." Alidhani watauliza habari za Nuhu. Wakamuuliza kama Mungu hupiga chafya. Wakamuuliza kama mbinguni kuna makande. Wakamuuliza, watu wote wakiomba kwa pamoja, Mungu anaanza na nani. Sefania alikuna kichwa, alichojua akajibu, asichojua akasema, "Sijui." Jioni alirudi nyumbani na maswali yao kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hana pa kuiweka, na aliyapenda kuliko alivyoweza kueleza.

Mzee Mkwizu aliisikia ile "sijui" kupitia dirishani, na haikumpendeza.

"Mwalimu," alisema, "darasa la Mungu halina sijui. Siku maswali ya watoto hawa yakileta vurugu humu kanisani, Jumapili inayofuata tunarudi kwenye kukariri."

"Nimesikia, mzee," alisema Sefania.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwa watu wa kule, siku hiyo mtu huleta shamba lake mpaka madhabahuni: mikungu ya ndizi, tangawizi yenye udongo wake, mayai kwenye vikapu, kuku waliofungwa miguu kwa kamba za mgomba. Yote yakishaombewa, watu hutoka nje kunyoosha viungo, kengele ikilia wanakusanyika, na mavuno yananadiwa pale uwanjani.

Mwaka ule Bibi Namkunda alileta jogoo. Mwekundu, shingo inang'aa kama shaba, kichwa juu kama mhubiri mgeni. Mzee Mkwizu alimtazama jogoo yule sala nzima, kwa sababu nyumbani kwake mitetea ilikuwa imefiwa na mume.

Benchi la mbele alikaa Niwaeli, msichana ambaye maswali yake yalikuwa hayasubiri zamu.

"Mwalimu," alinong'ona, "jogoo huyo ni wa nani sasa?"

"Wa Mungu."

"Mungu anamla lini?"

"Mungu hali kuku, Niwaeli."

"Basi anamtaka wa nini?"

Sefania akakuna kichwa. "Anapenda tukimpa. Na kilichotolewa kwake kiko mikononi mwake."

Niwaeli akalitafuna jibu hilo mpaka mwisho wa ibada. Watu walipotoka nje, yeye alibaki. Akainama, akaifungua ile kamba ya mgomba miguuni mwa jogoo. Jogoo akasimama, akajikung'uta, akatoka mlangoni bila kumuaga mtu.

"Nani amemfungua?" Mzee Mkwizu aliuliza, sauti ikimpanda.

"Mimi, babu," alisema Niwaeli. "Mwalimu amesema yuko mikononi mwa Mungu. Nikaona tukimfunga kamba ni kama hatumwamini mwenye mikono."

Watu wote wakamtazama Sefania. Sefania akatazama viatu vyake.

Hapo Mzee Mkwizu, kwa uchungu wa mitetea yake, akatamka neno ambalo mtu aliyetulia halitamki mbele ya watoto. "Mtoto atakayemrudisha jogoo huyu, leo kengele ataivuta yeye."

 Uwanja ukawa vumbi.

Wa kwanza kutimua vumbi alikuwa Yoeli, mvulana ambaye miguu yake haikuwahi kumaliza ibada. Mlangoni alipishana na Tumsifu, mjukuu wa Bibi Namkunda, aliyekuwa akirudi ndani.

"Tumsifu, twende."

"Nenda wewe. Mimi naomba."

"Kuomba kuna miguu?"

"Na wewe una miguu, unajua unakokwenda?"

Yoeli hakujua, lakini alikwenda. Akapita kwenye migomba, akapita kwenye tangawizi, akapita kwenye maharage ya Mzee Mkwizu, ambayo mpaka asubuhi ile yalikuwa yamesimama wima. Tumsifu naye akapiga magoti mbele ya madhabahu, akaweka paji la uso kwenye zulia, akafumba macho. "Bwana, wewe unamwona alipo, sisi hatumwoni. Mlete." Shavu likateremka kwenye zulia. "Bwana, mlete."

Watu wazima walikuwa wameufunga mlango ili mbuzi wasiingie kula mavuno. Niwaeli akaketi kizingitini, shavu kiganjani, Sefania amesimama kando yake.

"Mwalimu, jogoo akiwa wa Mungu, kwao ni wapi?"

"Kwao nani?"

"Kwao jogoo."

Sefania akakuna kichwa. "Nadhani ni hapa. Nyumbani mwa Mungu."

"Sasa akirudi kwao, mbona mmemfungia mlango?"

 Niwaeli akausukuma mlango ule mzito kwa bega mpaka ukaachia, akauwekea jiwe, akasimama pembeni akiwafukuza mbuzi kwa gauni lake la Jumapili.

Haukupita muda maharage yakatikisika. Jogoo akatokea mbele, Yoeli nyuma, na nyuma ya Yoeli jina lake likiitwa na mama yake. Jogoo akakata kushoto, Yoeli akamkinga. Akakata kulia, Yoeli akamkinga. Akaona mlango u wazi, akaingia. Akapita katikati ya mabenchi kama bwana harusi aliyechelewa, akaruka, akatua mgongoni kwa Tumsifu.

Tumsifu hakufumbua macho. Alipeleka mkono nyuma, akamkamata miguu, akasema, "Amina."

Mzee Mkwizu akampokea jogoo, akamkumbatia kwapani kama mtoto aliyetoka safari. Kisha akawatazama watoto watatu waliosimama chini ya kamba, kila mmoja na shingo yake juu.

"Kengele ni yangu," alisema Yoeli, akihema. "Nimemfuata mpaka bondeni, nimechomwa na miiba, nimevunjiwa heshima na mama mbele ya kwaya. Bila miguu yangu jogoo huyu saa hizi angekuwa mjini Same, anakunywa chai."

"Wewe ulimkimbiza tu," alisema Tumsifu. "Ungemkimbiza mpaka kesho. Mimi nilimwomba Mungu amlete, akamleta mgongoni kwangu. Si mgongoni kwako. Na mikono iliyomkamata ni hii."

"Ulikuwa unakoroma. Nilikusikia toka mlangoni. Shavuni una alama ya zulia."

"Nilikuwa naomba kwa pumzi."

"Nyote wawili mngemkosa," alisema Niwaeli. "Mlango ungebaki umefungwa, Yoeli angepita naye mbio, na Tumsifu angeomba mpaka Krismasi. Mimi ndiye niliyejua kwao jogoo ni wapi."

"Wewe ndiye uliyemfungua," walisema wavulana kwa pamoja.

"Ndiyo. Nisingemfungua, nani angeahidiwa kamba?"

Watu waliokuwa wamejazana mlangoni wakaguna. Wengine waliguna upande wa Yoeli, wengine upande wa Tumsifu, na Bibi Namkunda, mwenye jogoo, akaguna pande zote.

"Mzee," alisema Sefania, "hawawezi kuivuta wote?"

"Kamba imechakaa. Inabeba mtoto mmoja. Na neno langu lilikuwa mtoto, halikuwa watoto." Mzee Mkwizu akamhamishia jogoo kwapa la pili. "Umewafundisha kuuliza, sasa wafundishe kujibiwa. Amua wewe. Wakiridhika, waulize watakavyo, hata habari za chafya. Wakitoka hapa wanagombana, Jumapili ijayo ni kukariri."

Sefania akaishika kamba. Iliteleza kwa miaka ya mikono ya Mzee Mkwizu. Akimpa Yoeli, aliwaza, watoto watasema kuomba ni kazi ya wasio na mbio. Akimpa Tumsifu, kila jogoo atakayepotea milimani atatafutwa kwa kulala juu ya zulia. Akimpa Niwaeli, kufika Jumapili ijayo hakutabaki mbuzi aliyefungwa Upare nzima. Na asipompa yeyote, maswali yote yale, ya chafya na makande na nani anasikilizwa kwanza, yatafungwa kamba ya mgomba, wala hapatakuwa na mtu wa kuyafungua.

"Mwalimu," alisema Niwaeli.

"Sema."

"Mungu alijua kwamba jogoo atarudi?"

"Alijua."

"Alijua atarudishwa na nani?"

"Alijua."

"Basi tunabishana nini? Tumuulize."

Mzee mmoja alikohoa. Tumsifu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi nimezungumza naye muda mrefu, wala hakutaja jina."

"Hukumwachia nafasi," alisema Yoeli.

Hapo hapo, chini ya kwapa la Mzee Mkwizu, jogoo wa Mungu akanyoosha shingo, akawika mara moja, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye dari.

"Mmesikia?" alisema Yoeli. "Amenitaja mimi."

"Amenitaja mimi," alisema Tumsifu.

"Mimi," alisema Niwaeli, "na ametaja jina la baba pia."

Nje watu walianza kuita, "Kengele vipi? Jua linatuua huku." Mikono mitatu ikanyooshwa kuelekea kamba: mmoja wenye mikwaruzo ya miiba, mmoja wenye manyoya ya jogoo, mmoja wenye vumbi la mlango. Sefania akautazama mmoja, akautazama wa pili, akautazama wa tatu. Akakuna kichwa, akafungua kinywa.

Na ninyi mlioketi hapa fungueni vyenu, lakini asiwepo wa kusema "sijui", maana Mzee Mkwizu yuko dirishani. Mmoja alikimbia, mmoja aliomba, mmoja alifungua mlango. Je, nani alistahili kuivuta kengele?