Mbwa wa Mkaguzi

Wapendwa, kaeni vizuri. Wenye watoto wadogo wapakateni, maana asubuhi hii nitazungumza habari za kinyesi cha mbwa, na nisingependa mtoto acheke kabla ya mama yake.

Katika mtaa mmoja wa mji wetu huu wa baridi, mtaa sitautaja na majina nimeyabadili, aliishi mkaguzi wa shule mstaafu. Tumwite Mwalimu Kyando. Alikuwa mtu wa utaratibu. Viatu vyake viling'aa hata siku za mvua. Mtaa ulipokubaliana kwamba kila mwenye mbwa azoe kinyesi cha mbwa wake, yeye ndiye aliyeliandika azimio lile kwa mwandiko wake mzuri na kulibandika ukutani kwa mjumbe.

Naye alikuwa na mbwa, dume kubwa la rangi ya kahawia, jina lake Sajini. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, Mwalimu alimfungulia geti, akarudi ndani kunywa chai na kusikiliza taarifa ya habari. Baada ya robo saa Sajini alikwaruza geti, akafunguliwa, akaingia. Saa mbili Mwalimu alipotoka kwenda kununua mkate, alikuta uchochoro ni safi. Kila siku safi. Basi akaamini kwamba mbwa wake anajisaidia kule bondeni kwenye magugu, wala hachafui njia ya watu. Akaanza kuwafundisha wengine. Aliwaambia kwamba mbwa ni malezi tu, na kwamba ukiona mbwa mchafu basi mtazame mwenyewe.

Sasa niwaambie nani aliyekuwa akiifanya njia ile iwe safi.

Ng'ambo ya geti lake aliishi mjane mmoja, Mama Atupele, ambaye alikuwa amefanya usafi kwenye wodi za hospitali miaka ishirini na sita. Huyu alikuwa akimwona Sajini kila alfajiri akijisaidia katikati ya njia. Mwanzoni kabisa alimwendea Mwalimu. Akamwambia kwa adabu kwamba mbwa wake anachafua, na kwamba watoto wanaowahi shule wanapita hapo, wengine na kandambili zilizokatika. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akamjibu kwamba huenda amemfananisha, mbwa wa kahawia wako wengi. Akamshukuru, akafunga mlango.

Mama yule hakubishana. Kesho yake alitoka na chepe na kopo la majivu, akazoa, akanyunyiza majivu, akafukia uchafu kwenye shimo nyuma ya migomba yake. Akafanya hivyo miaka sita. Miaka sita, wapendwa, hata kwenye zile asubuhi za ukungu ambazo sisi tunavuta blanketi. Na kila saa mbili Mwalimu Kyando alipita juu ya ile kazi na viatu vyake vinavyong'aa, akimsifu mbwa wake.

Ikafika siku binti yake Mama Atupele akajifungua mapacha, na mama akaitwa kwenda kumlea mzazi. Alifunga mlango akaondoka. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mwalimu alitoka amevaa suti, kitabu cha nyimbo mkononi, akakanyaga.

Mnadhani alimfikiria nani? Sajini? Hata kidogo. Katika uchochoro ule kulikuwa na mbwa mwingine mmoja tu, jike la rangi ya majivu, la fundi viatu aitwaye Lwitiko. Fundi huyu alipanga chumba kimoja na mkewe, Sekela. Mwalimu hakwenda hata kubadili viatu. Alikwenda moja kwa moja kugonga mlango wa fundi.

Lwitiko alimwamkia, akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mzee, mbwa wangu analala ndani na sisi. Hatoki bila mke wangu."

Mwalimu akasema, "Mimi nimekagua shule miaka thelathini. Najua mtu anapodanganya."

Hapo niwaeleze kidogo kuhusu Sekela. Aliugua homa kali akiwa mdogo, ikamwacha hasikii. Aliuza mboga. Kila asubuhi alishuka sokoni na kapu kichwani, na yule mbwa alimfuata nyuma. Pikipiki ikija, mbwa alimgusa kwa pua kwenye shavu la mguu, naye akasogea pembeni. Hakuna aliyemfundisha mbwa jambo hilo. Walikuwa wamezoeana tu, mtu na mbwa, na barabara yetu ile mnaijua ilivyo.

Mwalimu akapeleka shauri kwenye kikao cha mtaa. Walikuja watu thelathini na kitu. Azimio likasomwa. Fundi alijitetea vizuri, lakini alijitetea kama mpangaji anavyojitetea mbele ya wenye nyumba, kwa sauti ya chini. Wachache walisema jamani, mama huyu anamtegemea mbwa. Mwalimu akasimama, akasema azimio ni la wote, na kama wataanza kumhurumia huyu, kesho watamkatalia nani? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sekela aliinua mikono ili aseme kwa ishara. Aliyeongoza kikao akaangalia saa, akasema muda umekwisha. Ikaamuliwa mbwa aondoke mtaani ndani ya siku mbili.

Lwitiko akampeleka kijijini kwa shemeji yake, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Kesho yake kinyesi kilikuwepo. Na kesho kutwa. Mwalimu akasema moyoni kwamba sasa fundi analipiza kisasi, anakitoa mahali fulani na kukileta. Angalieni mtu anavyoweza kuhangaika, wapendwa, ili mradi tu asifike kwenye geti lake mwenyewe.

Alhamisi ya wiki ile Sekela alishuka sokoni peke yake. Pikipiki ilikuja nyuma yake kwenye ule mteremko. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Sekela hakusogea. Mguu ulivunjika chini ya goti. Mwalimu alipewa habari akasikitika, kama tunavyosikitikia habari ya redioni, kisha akaendelea na uchunguzi wake.

Jumamosi aliamua kumvizia mhalifu. Alimfungulia Sajini kama kawaida, lakini safari hii hakurudi kwenye chai. Alichukua fimbo, akatoka, akasimama kwenye kona ya ukuta. Ukungu ulikuwa mwepesi, aliona vizuri. Sajini alitembea hatua chache, akanusa, akachuchumaa katikati ya njia. Alipomaliza aligeuka, akamwona bwana wake, akatikisa mkia kwa furaha.

Pale ndipo Mwalimu Kyando alipokumbuka. Alimkumbuka Mama Atupele mlangoni pake, miaka sita nyuma. Akatazama mlango wa mama, akaona kufuli. Akahesabu siku tangu mama yule aondoke. Mtu aliyekagua shule miaka thelathini hahitaji kuelezwa mara mbili. Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini pale pale kando ya ukuta, na mbwa akaja kumlamba mikono.

Hakuna mtu aliyemwona. Naomba mlishike hilo. Uchochoro ulikuwa mtupu. Angeweza kuzoa, akaingia ndani, akaanza tangu siku ile kumfunga Sajini, na mambo yakaisha. Watu wangesema unaona, tangu mbwa wa fundi aondoke njia ni safi. Angepongezwa. Ni wangapi kati yetu tungekataa pongezi hiyo?

Alizoa. Alizoa kwa mikono yake na kipande cha boksi, kwa sababu nyumbani kwake hakukuwa na chepe. Kisha akanawa, akaenda kwa fundi. Sekela alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa plasta. Mwalimu akasimama mlangoni akasema kinyesi kilikuwa cha Sajini, tangu mwanzo kilikuwa cha Sajini. Akaomba radhi. Akasema atagharamia matibabu yote. Alikuwa analia, na si mtu wa kulia.

Lwitiko alimtafsiria mkewe kwa ishara. Sekela akajibu kwa mikono, polepole, na mumewe akamfuatisha kwa sauti:

"Mzee, ulinishtaki mbele ya watu thelathini. Usiniombe radhi chumbani."

Wapendwa, Mwalimu aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusahihishwa namna ile. Alikwenda kwa mjumbe siku hiyo hiyo, akaomba kikao. Kikaitishwa Jumapili mchana, watu walewale. Fundi alimbeba mkewe mgongoni akamleta. Mwalimu akasimama mbele. Hakuanza na habari za uzee wala kusahau, hakusema kwamba Mama Atupele alipaswa kumkumbusha mara ya pili. Alisema, "Mbwa aliyechafua ni wangu. Niliyesema uongo ni mimi, si fundi. Na mguu wa mama huyu umevunjika kwa ajili ya maneno yangu, nanyi mliyakubali."

Watu waliinamisha macho. Safari hii aliyeongoza kikao hakutazama saa, akamgeukia Sekela akamwomba aseme. Sekela akasema mambo mengi, na mumewe akayatafsiri yote, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza. Sitayarudia hapa, si yangu.

Jumatatu Mwalimu Kyando, na miaka yake sitini na tisa, alitembea zile saa tatu kwenda kijijini. Akarudi jioni na lile jike la rangi ya majivu, kamba mkononi, viatu vimejaa matope hadi kwenye vifundo. Sekela alipomwona mbwa wake alimkumbatia shingoni. Mwalimu hakualikwa ndani siku ile, wala hakutegemea. Alialikwa baada ya miezi miwili.

Mama Atupele aliporudi aliamka alfajiri na chepe lake kama desturi, akakuta njia imeshazolewa na Mwalimu anamalizia majivu. Mwalimu akamuuliza kwa nini hakumwambia tena. Mama akasema, "Nilikuambia. Halafu nikaona watoto wanakuja."

Wako watakaosema mama yule alikosea, kwamba kwa kusafisha kimya kimya alimlea Mwalimu katika upofu. Wameniambia hivyo baadhi yenu nilipowasimulia. Nimelifikiri. Nasema hapana. Mama aliona watoto, akafanya la watoto. Aliyeambiwa akafunga mlango ni Mwalimu. Tusimtafutie lawama mwenye chepe.

Sasa tuje kwetu. Sisi tuliokaa hapa na nguo zilizopigwa pasi, tunaojisifu kwamba nyumba zetu zina amani, kwamba majina yetu ni safi: nani amekuwa akizoa nyuma yetu? Mke gani amezoa maneno yako makali, akawaambia watoto baba amechoka tu? Dada gani wa kazi, jirani gani, mzazi gani amefunika aibu yako kwa majivu, nawe ukapita juu yake saa mbili asubuhi ukijisifu? Na juu ya hao wote yuko Mungu, ambaye ametutangulia kila alfajiri ya maisha yetu akazoa tusiyoyaona, nasi tukaita ule usafi tabia yetu njema. Kisha tukatoka tukamshtaki fundi viatu.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme tuombe, kila mtu afumbe macho, atubu kimoyomoyo, twende nyumbani. Leo hapana. Kutubu kimoyomoyo ni kuomba radhi chumbani. Kama ulimsema mtu mbele ya kwaya, kwaya iko hapa. Kama ulimchafua mwenzako kwenye kikao cha akina mama, akina mama hawa hapa, wameketi safu ile. Kama ulimvua mtu jina lake mbele ya watu thelathini, watu thelathini nawaona kutoka hapa nilipo.

Sadaka itangoja. Mpiga kinanda, mwanangu, pumzisha mikono. Mimi nashuka kwenye mimbari hii na kukaa kwenye benchi la mbele, kwa maana na mimi kuna mzee wa kanisa niliyemsema vibaya mbele ya baraza mwezi uliopita, na sikuwa na haki. Nikimaliza kumwambia hapa mbele yenu, nafasi ni yenu.