Chelezo Kilichomezwa

Sogeeni, na anayejidai bingwa wa mafumbo aje mbele kabisa, nimwone vizuri akitoka jasho.

Katika damu ya Mihayo, mrina asali wa misitu ya Urambo, kilielea chelezo kidogo cha mafuta. Hospitali wanakiita lehemu nzuri, basi, kama vile ni kitu kimoja. Kitu kimoja wapi! Juu yake walipanda watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Banzi ndiye aliyekiunda. Alijizungusha kwenye mafuta kama mshipi kiunoni, akapita kuta za mishipa akizoa lehemu iliyoganda, akaipeleka kwa Ini, bwana mkubwa wa mji ule wa mwili.

Bi Nusa alikuwa na pua. Mafuta yakianza tu kuchacha, yeye ameshanusa, ameshayafuta ukali, yamerudi matamu.

Wa tatu, Kimya, kipaji chake kilikuwa kutoboa. Kutoboa nini? Hata yeye hakujua. Alikaa kitako siku nzima, sindano yake ameipakata kama mtoto.

"Bwana mdogo leo amebeba nini?" Banzi aliuliza kila asubuhi.

"Amebeba makalio yake," Bi Nusa alijibu, nao wakacheka mpaka chelezo kikayumba.

Kimya alicheka nao. Moyoni mliwaka moto. Kibaya zaidi, alishaanza kuamini kwamba kweli yeye ni mla bure.

Siku moja Mihayo alipanda mti wenye mzinga, mbung'o akamuuma shingoni. Haikupita muda, damu ikajaa vidudu vya malale, virefu, vyenye mikia inayochapa kama mjeledi. Askari wa damu walivikimbiza wakachoka, maana vilibadili mashati: ukimkamata mwenye shati jekundu, wenzake wameshavaa kijani. Mihayo akawaka homa, akawa anasinzia huku ameshika tonge.

Kidudu kimoja kikaja moja kwa moja kwenye chelezo. Kimya alidhani kinapita. Hakikupita. Kilifungua mdomo, *gwap!* Chelezo, Banzi, Bi Nusa, Kimya na sindano yake, wote tumboni!

Giza. Banzi alilia, "Mama yangu, tumekwisha!" Bi Nusa naye akaangua kilio. Kisha mkono wa Kimya ukaenda wenyewe, kabla hajaamua lolote. Akatoboa. Akatoboa tena. Maji yakaingia, kidudu kikavimba kama andazi kwenye karai, kikapasuka!

Wakajikuta nje, wakitazamana kama wageni. Kwenye vyelezo vingine vya damu ile nako, ndugu zake Kimya walikuwa wametoboa vivyo hivyo. Wiki haikuisha, Mihayo akaomba ugali.

Wale watatu wakafika kwa Ini wakitarajia kushangiliwa. Ini akakikagua chelezo, akatikisa kichwa.

"Kimechanika. Mafuta yamebaki kidogo, yanabeba mmoja tu. Wawili watateremkia kwa Figo."

"Kwa Figo?" Bi Nusa alishtuka. "Si ndiko kwenye mlango wa mkojo?"

"Ndiko. Aliyemponya Mihayo ndiye atakayebaki."

Kimya akainua mkono. Banzi akamwahi.

"Shusha! Kidudu kilifungua mdomo kwa ajili yako wewe? Kilifuata mafuta yangu, niliyoyazoa kwa mgongo huu. Bila chelezo ungeingia tumboni kwa kupiga hodi?"

"Na yangekuwa yamechacha, kingeyatema," Bi Nusa akadakia. "Nani aliyeyaweka matamu? Ninyi mlibeba, mimi nilipika."

"Mle ndani mlilia," Kimya akasema. "Mimi nilitoboa."

Ini akamgeukia. "Kweli, mwanangu, ulitoboa. Lakini ukoo wenu naujua. Wapo wenzako, baada ya kazi nzuri kama hiyo, waligeuka wakamtoboa Figo mwenyewe, mji ukafurika taka. Wewe je, ni wa hao?"

Kimya aliitazama sindano yake kana kwamba ameiokota sasa hivi. Angeweza kuapa kwamba yeye si wa hao. Lakini je, tumboni mwa kidudu, alikuwa ameuamuru mkono?

"Sijui, bwana mkubwa," alisema. "Wallahi sijui."

Banzi akasogea mbali naye. Bi Nusa akasogea pia, kisha akarudi hatua moja.

Na huko nje Mihayo ameshapona. Anatafuta shoka lake arudi msituni, kule kule kwenye mbung'o.

Ini anangoja jibu, nafasi ni moja. Haya, bingwa wangu, mbona umeinama? Ukimbakiza Banzi, kwenye chelezo hiki atakayetoboa kesho nani? Ukimbakiza Bi Nusa, bila Banzi wa kukiunda upya atapanda nini? Na Kimya, ukimbakiza unaogopa, ukimteremsha kwa Figo na sindano yake mkononi, huogopi? Sema basi: wewe ungemwacha nani juu ya chelezo?