Kipaza Sauti cha Dijei Mkude

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile ya kanda za video na mabenchi yasiyo na migongo, palikuwa na mtu Kilosa aliyeifasiri dunia nzima kwa Kiswahili. Sogeeni karibu, maana koo langu leo halitaki kupiga kelele.

Jina lake lilikuwa Kolumba Mkude, na watu walimwita Dijei Mkude. Alikuwa na kibanda cha video karibu na stesheni. Kazi yake ilikuwa hii: filamu inaonekana kwenye televisheni, yeye amekaa pembeni na kipaza sauti, anawaambia watazamaji wale watu wanasema nini. Za Kihindi alifasiri. Za Kichina alifasiri. Lakini alizozipenda kuliko zote ni katuni za Kijapani, na Kijapani alikuwa hajui hata salamu. Hilo halikumsumbua. Aliwatazama wale watoto wenye macho makubwa, akasikiliza wanavyolia na wanavyocheka, kisha akawatia maneno mdomoni. Aliwapa majina ya hapa hapa, akawatuma sokoni kununua vitumbua. Mwovu wa hadithi alimfanya mkwe asiyesalimia watu, na kibanda kizima kilimchukia papo hapo.

Katuni moja ilipendwa kupita zote. Ilikuwa ya kijana aliyebeba kengele kuvuka milima, aende akamwamshe dada yake aliyelazwa usingizi wa kichawi. Huko Japani kijana huyo alikuwa na jina lake, lakini Kilosa aliitwa Shomari. Siku ya sehemu ya mwisho watu walijaa mpaka dirishani. Mkude alijua siku kama hiyo hairudi, kwa hiyo akaunganisha deki ya pili ili inase picha pamoja na sauti yake. Kanda moja tu.

Filamu ikiwa inaelekea ukingoni, jirani alichungulia mlangoni akamwambia Mkude kwamba mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike. Mkude hakuinuka. Alishika kipaza sauti chake, na Shomari alipofika nyumbani na kuinua kengele, Mkude alisema maneno ambayo hayakuwemo kwenye filamu. Maneno gani? Tulieni, tutafika.

Mtoto akaitwa Restituta. Kabla hajaota jino, malaria ilimchukua baba yake. Mama akambeba mtoto akarudi kwao Ifakara, na katika vitu vyote vya kibanda alichukua kile kipaza sauti tu, kilichozungushiwa mpira mwekundu pale pa kushikia. Resti akakua. Picha ya baba alikuwa nayo. Alijua alikuwa mrefu, alijua pua yake ameirithi kwake. Sauti hakuijua. Na kila alipokutana na mtu wa Kilosa aliambiwa neno lile lile, "Ungemsikia baba yako!" Watu wote walikuwa wamemsikia baba yake isipokuwa yeye, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo hakukikumbuka.

Sasa Kilosa palikuwa na kinyozi, Kibwe. Utotoni alikaa benchi la mbele kwa Mkude, hata siku ile ya mwisho wa Shomari, na utu uzima haukumtoa pale. Kuta za saluni yake zilijaa katuni alizochora mwenyewe. Siku za Jumapili alivaa joho la Shomari na kengele ya bati kiunoni, mtu mzima mwenye ndevu, na waliomcheka aliwanyoa vizuri tu. Alikuwa pia na podikasti. Alizungumza kuhusu katuni na filamu huku mashine ya kunyolea ikinguruma, na wapenzi wa mambo hayo wakamsikiliza kwenye simu zao kutoka pande zote, Ifakara ikiwemo.

Ndipo Resti akampigia simu, podikasti ikiwa hewani. Kibwe alipojua anaongea na nani, alilazimika kumwacha mteja na sabuni kichwani. Akamsimulia kila kitu: baba yake alivyokohoa kabla ya kila vita, alivyowasema waliochelewa kuingia katikati ya filamu, alivyowaliza wabeba mizigo wa stesheni. Resti akamwomba amwambie na mwisho wa Shomari, kwa kuwa alisikia siku hiyo ndiyo aliyozaliwa. Kibwe akakataa. Hujaitazama, alimwambia, na sisi hatummwagii mtu mwisho. Msicheke. Kwa watu hawa hiyo ni sheria kuliko sheria. Kuna bwana mmoja aliwahi kumwaga mwisho wa katuni mle saluni, akaambiwa ashuke kwenye kiti akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Basi Resti akasema hewani, na mji mzima ukasikia: "Atakayeniwezesha kumsikia baba yangu, kipaza sauti chake nitampa yeye."

Aliyesikia kwanza ni Zamda, fundi cherehani, yule yule aliyemshonea Kibwe joho. Kanda alikuwa nayo yeye. Aliipata kibanda kilipovunjwa, akiwa msichana, akaitunza kama cheti cha shule. Mto Mkondoa ulipofurika ukaingia majumbani, Zamda alikuwa na mikono miwili na mtoto mgongoni. Angeweza kutoa kichwa cha cherehani, kilichokuwa kikimpa chakula. Akatoa kanda. Cherehani ikaenda na maji, na kwa muda mrefu baadaye alishona kwa mkono.

Lakini kanda nayo ilikuwa imekunywa maji, na ukungu uliingia ndani. Zamda akaipeleka kwa Fundi Semwali, mtengeneza redio, ambaye ndiye peke yake mjini aliyebaki na deki inayofanya kazi. Huyu katuni hakuzipenda. Aliona ni watoto wanaolia ovyo. Mapenzi yake yalikuwa filamu mbovu, zile mbovu hasa, ambazo mtu anaruka angani na kamba iliyomshika inaonekana, na damu ina rangi ya soda. Alikuwa nazo sanduku zima, hazipatikani popote, na hazikuchezwa na kitu kingine ila deki ile. Alizitazama na mkewe kila wikiendi, wakacheka hadi machozi.

Fundi akaiangalia kanda, akamwambia Zamda ukweli. Ukungu wa namna hii huua deki. Ataufuta, ataunga palipokatika, lakini wote hautatoka. Kanda itacheza mara moja, na baada ya hapo deki haitacheza tena kitu chochote. Zamda akamwambia basi, fundi, tusikuumize. Semwali akamjibu kwamba mtoto hajawahi kumsikia baba yake, na akachukua bisibisi.

Resti akaja kutoka Ifakara. Jumapili alasiri Kibwe alifunga saluni, akamkalisha Resti kwenye kiti cha kunyolea, kiti kizuri kuliko vyote. Zamda alisimama nyuma yake. Semwali akapiga ishara ya msalaba, akasukuma kanda ndani ya deki.

Kwanza palikuwa na chenga nyeupe za televisheni. Kisha mlima ukatokea, na kijana na kengele. Kisha mtu akakohoa.

"Ndugu watazamaji," sauti ikasema, "wewe uliyesimama mlangoni, hukutengenezwa kwa kioo."

Resti akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Kumbe ana sauti nyembamba," alisema. Maisha yake yote alikuwa amempa baba yake sauti nzito. Aliiacha ile nzito palepale, akaipokea nyembamba. Alimsikiliza baba yake akimvusha Shomari milima. Alimsikiliza akimsema mkwe. Alisikia jirani akinong'ona mlangoni, halafu baba yake akavuta pumzi.

"Ndugu watazamaji, hapa Shomari anataka kupiga kengele. Leo namkataza. Leo nyumbani kwangu kuna mtu amelala, na mtu huyo..."

Hapo sauti ikazama. Picha ikawa mistari, ukabaki mvumo wa chenga tupu. Semwali aliinama juu ya deki. Ikatoa harufu ya kuungua, ikasimama, na haikuwaka tena.

Fundi alitoa kanda akaitazama kwenye mwanga. Akasema hii si kazi ya maji. Maji huacha madoa, na hapa pamesagika. Mtu amerudisha nyuma kanda mahali hapa hapa, akasikiliza, akarudisha tena, miaka na miaka, mpaka pakaisha.

Zamda akakaa chini sakafuni kwenye nywele. "Ni mimi," alisema. "Mdogo wangu, nisamehe. Baba yangu mimi alikuwepo nyumbani na hakuwahi kuniambia hata lala salama. Kabla ya mafuriko, nilipokuwa na deki yangu, nilikuwa nayasikiliza hayo maneno nikijifanya naambiwa mimi. Sikujua kwamba nayamaliza."

Resti alibaki akiitazama ile televisheni. Alikuwa amemsikia baba yake akija mpaka mlangoni kwake, na mlango ukafungwa.

Ndipo Kibwe akaja mbele ya kiti. "Dada Resti, umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Mpaka hapo?"

"Mpaka hapo, kaka."

"Basi sasa naruhusiwa." Akafumba macho, akakohoa, na kikamtoka kisauti kile kile chembamba, kwa pumzi zile zile, pasipo kukosea:

"...na mtu huyo ni binti yangu. Restituta, jina la mama yangu, nakupa wewe. Lala, mwanangu. Dunia ina kelele, itakuamsha yenyewe. Baba yako hana haraka."

Resti akasema, "Rudia." Kibwe akarudia. Resti akasema rudia tena, na Kibwe akarudia kila alivyoombwa, mpaka jua likahama dirishani.

Kisha Resti akafungua mkoba wake akatoa kipaza sauti chenye mpira mwekundu. Ahadi aliitoa hewani, na hakuwa mtu wa kuirudisha. Akawaambia waseme wenyewe nani akichukue, na hapa ndipo pazuri, maana watu watatu waliokuwa wakilia pamoja walianza kubishana.

Zamda alisema: "Kama ni kumsikia, amemsikia kwenye kanda. Kanda niliitoa majini mimi nikaacha cherehani yangu izame. Ndiyo, mwisho niliumaliza. Lakini bila mimi kusingekuwa na mwanzo wala mwisho. Na mtu asiyeipenda vile asingeitunza vile."

Semwali alisema: "Alichokuja nacho Zamda hakikuwa sauti, kilikuwa ukungu ndani ya boksi. Sauti ilitoka kwenye deki yangu, na deki imekufa. Nyinyi wawili mmetoa mnachokipenda kwa sababu mnakipenda. Mimi hata hizo katuni sizipendi, na nimetoa changu. Jumamosi nitakaa na mke wangu tutazame nini, ukuta?"

Kibwe alisema: "Fundi, Zamda, mmemletea baba wa kibanda kizima, yule aliyemfasiria kila mtu. Nawashukuru. Lakini jina lake halikutoka kwenye kanda. Aliyemfikishia neno la baba yake ni mimi."

Zamda akamgeukia. "Neno hilo ulikuwa nalo mdomoni miaka yote, Kibwe. Amekupigia simu, amekuomba, ukamnyima kwa sheria yenu ya katuni. Na leo, hiyo ilikuwa sauti ya Mkude au yako?"

"Yangu," alisema Kibwe. "Ndiyo maana sikumwambia. Nilitaka ayasikie kwa baba yake kwanza. Maneno kama yale mtu huyasikia mara ya kwanza mara moja tu."

Resti alisikiliza yote, akakiweka kipaza sauti mapajani, akapapasa ule mpira mwekundu pale palipolainishwa na mkono wa baba yake. Kila alipomtazama mmoja alimwona anastahili, na alipomtazama mwingine alisahau wa kwanza.

Haya, nawaona mmeshaanza kunong'onezana. Nilipoisimulia hii Kidodi, mabinti walimpa Zamda, na mafundi wote wakakaa upande wa Semwali kama mnavyotegemea. Mzee mmoja akasema wakitumie kwa zamu. Nikamuuliza kama mkewe nyumbani naye ni wa zamu, akakaa. Mwingine akasema Resti abaki nacho mwenyewe. Hapana, aliahidi, na ninyi mlimsikia. Tena msiniambie kigawanywe, kipaza sauti si papai.

Resti bado amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitu cha baba yake kiko mkononi, na watatu wamesimama mbele yake macho mekundu. Mmoja aliitunza sauti na kuisaga kwa mapenzi. Mmoja aliifufua kwa kuua deki yake. Mmoja alimletea jina lake kwa sauti ya kuazima. Mkono wa Resti umeanza kunyooka. Je, uende kwa nani?