Kazija na Shimo la Makumbi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na tope, na tope lina siri!

Ngojeni kwanza, nitubu. Nilipokuwa kigori nilifukua shimo la jirani yetu alimofukia makumbi ya nazi, nikachungulia, nikafunika. Nilipoulizwa, nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa sijui. Mola anisamehe. Sasa sikilizeni.

Hapo kale, kijiji kimoja kilikuwa na kisima kirefu, kirefu, kirefu. Kila mwaka mwanamume mmoja alishushwa kwa kamba akazoe matope. Na ada yao ilikuwa hii: kamba husokotwa na mkewe mwenyewe, kwa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Kwani nani atamfanyia hila mumewe?

Mwaka ule zamu ilikuwa ya Makame. Mkewe, Kazija, alikuwa bi harusi kutoka mashamba ya juu, hajui tope la pwani. Mavyaa wake, mamake Makame, Bi Mashavu, akamfundisha:

"Mwanangu, maji ya bahari yakipwa, fukia makumbi hapa topeni. Weka mawe juu, uende zako. Miezi sita, usifukue!"

Kazija akafukia. Lakini moyo ukamwasha. Kumbi gumu vile linageukaje nywele? Nani analichana huko chini?

Mwezi wa kwanza akafukua. Kaa akatoka tunduni.

"Kazija, Kazija, wafukua nini?"

"Nachungulia tu, bwana kaa."

"Tope likichunguliwa huanza kazi upya. Funika!"

Akafunika. Mwezi wa pili akafukua.

"Kazija, Kazija, wafukua nini?"

"Nachungulia kidogo tu."

"Tope halijui kidogo. Funika!"

Akafunika. Mwezi wa tatu akafukua.

"Kazija, Kazija, wafukua nini?"

"Mara ya mwisho, wallahi!"

"Usiape, bibi. Funika!"

Miezi sita ikatimia. Wanawake wakapiga makumbi yao kwa magongo, nyuzi zikatoka laini. Ya Kazija yakakatika vipande vipande. Akaona haya kusema. Akasokota hivyo hivyo, nyuzi mbovu akazificha ndani, nzuri akazizungusha nje.

Siku ya kisima, watu wakaisifu kamba. "Wa mashamba kasokota! Itazameni, kama mkufu!"

Makame akafungwa kiunoni. Akatia mguu mmoja kisimani. Kazija akaishika kamba.

"Makame, toa mguu!"

"Kuna nini, mke wangu?"

"Kamba mbovu ndani. Nilifukua mara tatu, nikaficha."

"Loo! Mwenyewe kasokota, mwenyewe aitukana!" wanawake wakacheka.

Bi Mashavu hakucheka. Akamfungua mwanawe, akafunga jiwe zito kama mtu, wakalishusha. Halijafika nusu, kamba ikalia ka! Jiwe likaenda chubwi!

Wote wakamtazama Makame, yu mzima, amesimama.

Bi Mashavu akaketi chini. Kisha akasema, "Njoo, mwanangu. Hata mimi nilifukua, ujanani. Ila mimi sikusema. Mungu tu ndiye aliyeniokolea mume."

Kisima hakikuzolewa; watu wakanywa maji ya tope, na kila anayeteka alimtaja Kazija. Akavumilia. Akafukia makumbi mapya, akaketi kando ya mawe, mikono mapajani.

"Bwana kaa, wewe wajua kinachofanyika chini?"

"Sijui. Mimi nakaa pembeni."

"Na hutaki kujua?"

Kaa akazunguka tundu lake. Siku ya pili akazunguka tena. Siku ya tatu akaingia tunduni mwake, akayachungulia makumbi kutoka ubavuni, akakodoa, akakodoa, akakodoa, hata macho yakamtoka nje ya kichwa!

"Umeona nini?"

"Tope."

Miezi sita ilipotimia, Makame alishuka kwa kamba ya mkewe, akazoa, akapanda. Maji yakatakata. Na kaa macho yake hayajarudi ndani hadi leo. Asiyeamini akamuulize mwenyewe.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake chukueni, chachu yake niachieni. Kudadisi si dhambi, wanangu. Lakini kosa ukilisokota ndani ya kamba, jua kuna mtu atakayening'inia kwayo.

Haya, wewe uliye karibu, nishikie ncha hii ya kamba yangu, nimalize kusokota.